Kabla ya kuwa serikali, Bula Matari alikuwa mtu: historia ya majina ya Stanley

KINDU – Wazee wa Maniema waliokua wakati wa Wabelgiji wanalijua vizuri neno Bula Matari. Kwao lilikuwa jina la serikali. Ofisa aliyekuja kijijini kuhesabu watu alikuwa Bula Matari. Kodi ilikuwa ya Bula Matari, gereza lilikuwa la Bula Matari, na barabara iliyolimwa kwa nguvu ilikuwa kazi ya Bula Matari. Vijana wa leo wanalisikia mara moja moja, na wengi hawajui kwamba kabla ya kuwa jina la serikali lilikuwa jina la mtu mmoja. Mtu huyo alipita hapa kwetu, juu ya maji ya Lualaba, mwishoni mwa mwaka 1876. Wazungu walimwita Henry Morton Stanley. Lakini hata hilo si jina alilozaliwa nalo.

Habari za safari zake zimesimuliwa sana. Habari za majina yake hazisimuliwi mara nyingi, ijapokuwa ndizo zinazoonyesha vizuri zaidi alikuwa mtu wa namna gani, na kwa nini jina alilopewa na Wakongo lilimshinda nguvu yeye mwenyewe.

Mtoto asiye na baba

Alizaliwa tarehe 28 mwezi wa kwanza mwaka 1841 katika mji mdogo wa Denbigh, nchi ya Wales, upande wa magharibi wa kisiwa cha Uingereza. Mama yake, Elizabeth Parry, alikuwa msichana ambaye hajaolewa. Katika kitabu cha kuandikisha watoto aliandikwa John Rowlands, na hapohapo pakaongezwa neno la kuonyesha kwamba ni mtoto wa haramu. Neno hilo moja lilimfuata maisha yake yote.

Jina Rowlands lina historia yake. Zamani watu wa Wales hawakuwa na jina la ukoo linalopita kutoka kizazi hadi kizazi. Mtu aliitwa kwa jina lake, kisha la baba yake, karibu kama desturi ya Waswahili wa pwani ya kusema fulani bin fulani. Baadaye walipofuata desturi ya Waingereza, wengi walichukua jina la mzee wao na kuongeza herufi moja mwishoni. Ndivyo walivyopatikana akina Roberts, akina Williams na akina Rowlands. Rowlands maana yake ni wa Rowland, yaani mwana wa Rowland. Na Rowland lenyewe ni jina la kale lililoletwa Uingereza na Wanormani, lililoundwa kwa maneno mawili ya Kijerumani cha zamani: sifa na nchi.

Kwa hiyo mtoto aliyeandikwa kwamba hana baba halali alibeba jina lenye maana ya mwana wa fulani. Mama yake alimwacha kwa babu, mzee Moses Parry. Babu alipofariki, watu wa ukoo wakalipa majirani wamtunze, kisha wakachoka kulipa. Mwaka 1847, akiwa na miaka sita, alipelekwa katika nyumba ya maskini ya St Asaph. Alikuwa ameambiwa njiani kwamba anapelekwa kwa shangazi. Akakaa humo miaka tisa hivi. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba siku mama yake alipofika humo, hakumtambua.

Jina la kuchukua

Alipokuwa kijana wa miaka 17 hivi alipata kazi katika meli iliyotoka Liverpool kwenda Marekani. Mwanzoni mwa mwaka 1859 alishuka New Orleans, mji wa bandari uliotajirika kwa biashara ya pamba na jasho la watumwa. Huko ndiko John Rowlands alikopotea.

Katika kitabu cha maisha yake, kilichotolewa na mke wake mwaka 1909, alisimulia kwamba mfanyabiashara mmoja tajiri aitwaye Henry Hope Stanley alimpenda, akamchukua kama mtoto wake, akampa jina lake mbele ya maji ya ubatizo, kisha akafa mapema mwaka 1861. Ni hadithi ya kugusa moyo. Lakini watafiti waliopekua vitabu vya mji wa New Orleans walikuta kwamba Bwana Henry Hope Stanley alikuwapo kweli, alikuwa tajiri wa pamba kweli, ila hakufa mwaka 1861. Aliishi hadi mwaka 1878. Na hakuna karatasi yoyote inayoonyesha kwamba aliwahi kumchukua kijana kutoka Wales awe mwanawe. Jina Stanley lilichukuliwa na mwenye kulitaka. Jina la katikati, Morton, lilikuja miaka kadhaa baadaye, baada ya kujaribu mengine na kuyaacha.

Na jina lenyewe? Stanley ni jina la mahali kabla ya kuwa la watu. Limetoka katika Kiingereza cha kale, kwa maneno mawili: jiwe, na sehemu iliyofyekwa ndani ya msitu. Kule Uingereza viko vijiji kadhaa vyenye jina hilo, katika maeneo ya Staffordshire, Derbyshire, Durham na kwingineko. Mtu aliyetoka kijiji kama hicho aliitwa kwa jina la kijiji, na watoto wake wakalirithi. Ukoo mmoja wa akina Stanley, uliotoka Staffordshire, ulipanda hadi kuwa wa watawala wakubwa, wenye cheo cha Derby. Basi kijana wa nyumba ya maskini alichagua jina lenye harufu ya watu wenye mashamba na heshima. Maana yake ya asili, uwanja wa mawe msituni, watu wachache waliijua, na hakuna dalili kwamba yeye mwenyewe aliifikiria.

Vita, magazeti na Livingstone

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza Marekani, Stanley alipigana upande wa Kusini, uliotetea utumwa. Alikamatwa katika mapigano ya Shiloh mwezi wa nne mwaka 1862, akafungwa Chicago. Ili atoke gerezani, akakubali kuvaa nguo za jeshi la Kaskazini. Baadaye aliingia jeshi la maji, kisha akatoroka. Mtu aliyebadilisha jina aliona pia kubadilisha bendera si jambo gumu.

Kazi ya uandishi wa habari ndiyo iliyomwinua. Gazeti la New York Herald lilimtuma Afrika kumtafuta David Livingstone, na mwaka 1871 alimkuta Ujiji, kando ya ziwa Tanganyika. Hapa msomaji anaweza kukosea kidogo. Kwa kuwa neno stone kwa Kiingereza ni jiwe, anaweza kufikiri kwamba Livingstone nalo ni jina la mawe. Sivyo. Ni jina la Uskoti lenye maana ya kijiji cha mtu aliyeitwa Leving. Jiwe lilikuwa katika jina la Stanley peke yake.

Umaarufu ulileta hatari. Mwaka 1872, magazeti ya Wales yalipoanza kuandika kwamba shujaa huyo si Mmarekani bali ni John Rowlands wa Denbigh, Stanley alikana. Alikuwa amepata kila kitu isipokuwa ruhusa ya kuwa yeye mwenyewe.

Nyangwe na Lualaba

Wakati huo Maniema ilikuwa tayari inajulikana kwa wafanyabiashara wa pwani. Nyangwe, juu kidogo ya Kasongo, ilikuwa na soko kubwa ambalo wanawake wa pande zote mbili za mto walilijia na samaki, mihogo, mafuta ya mawese na vyungu. Tarehe 15 mwezi wa saba mwaka 1871, Livingstone akiwa hapo, watu wa misafara walifyatua bunduki katikati ya soko hilo. Mamia ya watu walikufa, wengi wao wanawake, kwa risasi na kwa kuzama mtoni. Livingstone alirudi Ujiji akiwa amevunjika moyo, bila kupata mitumbwi ya kushuka mto. Miaka mitatu baadaye Mwingereza mwingine, Cameron, naye alikosa mitumbwi Nyangwe, akaelekea Angola.

Stanley aliondoka pwani ya Bagamoyo tarehe 17 mwezi wa kumi na moja mwaka 1874 akiwa na wapagazi na askari mamia, wengi wao Wangwana wa Zanzibar. Kutokana na misafara ya namna hiyo ndipo Kiswahili cha kwetu kilipoitwa Kingwana. Walibeba mashua iliyokatwa vipande ili ipite nchi kavu. Aliiita Lady Alice, kwa jina la msichana wa Marekani aliyemwahidi ndoa. Stanley alipokuwa bado safarini, msichana aliolewa na mwingine.

Karibu na Kasongo alikutana na Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye dunia inamjua kwa jina la Tippu Tip. Huyo naye jina lake alipewa na watu wa bara. Mwenyewe alieleza kwamba ni mlio wa bunduki zake ulivyosikika masikioni mwa waliopigwa. Wengine wakasema ni kwa sababu ya macho yake yaliyopepesa. Wawili hao walipatana kwa dola 5,000 kwamba Tippu Tip asindikize msafara kwa mwendo wa vituo 60. Stanley aliingia Nyangwe tarehe 27 mwezi wa kumi mwaka 1876, akatoka tarehe 5 ya mwezi uliofuata, akazama katika msitu.

Msitu uliwashinda. Walirudi kwenye mto, wakaanza kushuka, wengine ndani ya mashua na mitumbwi, wengine kwa miguu kandokando ya maji. Njaa na ndui viliwaua watu njiani. Ndivyo walivyopita mahali ambapo leo bandari ya Kindu inatazamana na Alunguli ng'ambo ya pili. Kwa watu wa mto, mitumbwi mingi yenye bunduki ilikuwa na maana moja tu, kwa sababu habari za Nyangwe zilikuwa zimekwisha kufika. Wengine walikimbia, wengine walipigana kwa mishale na mikuki. Mwishoni mwa mwezi wa kumi na mbili Tippu Tip alirudi nyuma. Stanley akaendelea hadi kwenye maporomoko saba yaliyo kati ya Ubundu na Kisangani ya leo, na yakaitwa kwa jina lake.

Tarehe 9 mwezi wa nane mwaka 1877 alifika Boma, karibu siku 1,000 tangu atoke pwani ya pili. Zaidi ya nusu ya watu wake hawakuwapo tena. Wazungu watatu aliotoka nao wote walikufa. Kalulu, kijana Mwafrika aliyemlea na kumpeleka hadi Ulaya, alizama mtoni. Stanley alitaka mto wote uitwe Livingstone, lakini jina hilo halikushika hata kidogo. Mto uliendelea kuwa Lualaba kwetu na Kongo kule chini.

Jina la kupewa

Uingereza haikumsikiliza sana. Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji ndiye aliyemsikiliza. Mwaka 1879 Stanley alirudi, safari hii kupitia mdomo wa mto, kwa kazi ya mfalme. Kati ya bahari na mahali ambapo leo ni Kinshasa, mto umejaa maporomoko, na meli hazipiti. Ilibidi kutengeneza barabara ya kuvutia meli za moshi vipande vipande juu ya milima. Kazi ilianza Vivi, karibu na Matadi ya leo. Mawe yalipasuliwa kwa nyundo na kwa baruti, na Stanley mwenyewe alishika nyundo kuwaonyesha wafanyakazi namna ya kupiga.

Watu wa huko walitazama, wakampa jina kwa Kikongo. Bula ni kuvunja. Matadi ni mawe, na ndiyo maana ya jina la mji wa Matadi hadi leo. Katika midomo ya wasafiri, Bula Matadi likawa Bula Matari: mvunja mawe.

Wale waliompa jina hilo hawakujua Kiingereza cha kale, wala hawakujua kwamba jiwe lilikuwa tayari limelala ndani ya jina alilojichukulia New Orleans. Walitaja tu walichokiona kwa macho: mtu anayepasua jiwe ili apite. Stanley alilipenda sana jina hilo. Kwa mtu aliyeandikwa kwa aibu siku ya kuzaliwa, kisha akaishi kwa jina ambalo hakuwa na haki nalo, hili lilikuwa la kwanza alilopewa na watu wengine bila kuliomba.

Lakini jina la kupewa halina mwenye kulifunga. Stanley alipata kwa machifu alama za mikono juu ya mamia ya mikataba ambayo wengi wao hawakuweza kuisoma. Mwaka 1885 mikataba hiyo ikawa msingi wa nchi nzima iliyokuwa mali ya Leopold. Stanley alikuwa amekwisha kuondoka, lakini jina lake lilibaki. Watu waliona kwamba mzungu aliyekuja baada yake alikuwa na bunduki zilezile, karatasi zilezile na amri zilezile, wakamwita naye Bula Matari. Kisha wakaita hivyo ofisi yake, na mwisho wakaita hivyo dola lenyewe.

Bula Matari anafika Maniema

Mwaka 1887 Stanley alirudi Kongo mara ya mwisho, kwenda kumwokoa Emin Pasha karibu na ziwa Albert. Alimchukua Tippu Tip kwa meli kutoka Zanzibar, wakazunguka kusini mwa Afrika yote, na Tippu Tip akafanywa gavana wa serikali ya Leopold kule kwenye maporomoko yaliyobeba jina la Stanley. Urafiki wao uliishia kwenye mashtaka Zanzibar.

Mapatano ya dola na wafanyabiashara wa pwani hayakudumu. Vita vilianza mwaka 1892. Nyangwe ilianguka mwezi wa tatu mwaka 1893, na Kasongo mwezi uliofuata. Kiongozi wa jeshi la Leopold, Francis Dhanis, hakuitwa Dhanis na watu wa Maniema. Walimwita Fimbo Nyingi. Kwa maneno mawili ya Kiswahili walieleza alivyotawala.

Baada ya hapo Bula Matari alikaa Maniema. Alikuja na kodi, na ubebaji wa mizigo wa lazima, kisha na reli ya kampuni ya Maziwa Makuu iliyounganisha Kindu na Kongolo mwanzoni mwa karne ya 20. Kindu yenyewe ilibandikwa jina la Port-Empain, kwa heshima ya tajiri wa Ubelgiji aliyesimamia fedha za reli hiyo. Leopold alipoikabidhi nchi kwa Ubelgiji mwaka 1908, bendera ilibadilika, lakini mkaaji wa kijijini aliendelea kulipa kodi kwa Bula Matari yuleyule.

Jiwe la mwisho

Stanley alioa mwaka 1890 katika kanisa la Westminster, London, mbele ya wakubwa wa nchi. Bibi arusi alikuwa Dorothy Tennant, mchoraji. Akawa tena raia wa Uingereza, akaingia bungeni mwaka 1895, na mwaka 1899 akapewa cheo cha Sir. Hakuwahi kuzaa, yeye na mkewe walimchukua mtoto mchanga wakampa jina la Stanley. Safari hii kuasiliwa kulikuwa kwa kweli.

Alifariki London tarehe 10 mwezi wa tano mwaka 1904. Tippu Tip alimfuata mwaka mmoja baadaye, Zanzibar. Stanley alitamani kulala Westminster karibu na Livingstone, lakini mkuu wa kanisa alikataa. Akazikwa katika kijiji cha Pirbright, kusini mwa Uingereza. Mke wake alitafuta jiwe kubwa la asili, ambalo halijachongwa umbo, akalipata katika vilima vya Dartmoor. Juu yake yalichongwa majina ya Henry Morton Stanley, chini yake Bula Matari, kisha miaka ya kuzaliwa na kufa, na neno moja tu la mwisho: Afrika. Jina la John Rowlands halikuandikwa.

Kongo nayo ilipitia upya majina yake. Mwaka 1966 Stanleyville ikawa Kisangani. Maporomoko ya Stanley yakawa Boyoma, na Stanley Pool ikawa Pool Malebo. Ponthierville ikawa Ubundu, na Kindu ikabaki Kindu, bila Port-Empain. Sanamu ya Stanley iliyosimama juu ya kilima cha Ngaliema, Kinshasa, iliangushwa wakati wa Mobutu, miaka ileile ambayo wananchi waliamriwa waache majina ya Kizungu na kuchukua ya mababu.

Majina mengi ambayo Stanley na wenzake waliyapanda juu ya ramani yetu yameng'olewa. Lililobaki katika vinywa vya watu ni lile ambalo Wakongo walilitunga wenyewe. Stanley alilichukua kama sifa, akaondoka nalo hadi kaburini. Wao walibaki nalo huku, wakalitumia miaka zaidi ya sabini kumtaja kila mwenye amri asiyeulizwa swali. Wakati ule wa Vivi mawe yalikuwa mawe kweli. Kwa mzee wa Maniema aliyebebeshwa mzigo au kulimishwa barabara, haikuhitajika kumweleza kilichokuwa kinavunjwa.